"Module Is in Use": Namna ya Kuondoa Draiva ya Kontrola ya Diski Bila Kupoteza Data

Amri yenyewe ni fupi. Kwenye Linux unaandika `modprobe -r` na jina la draiva, unabonyeza Enter, kisha unapata moja kati ya majibu mawili: kimya, maana yake draiva imeondoka, au ujumbe wa "Module mpt3sas is in use", maana yake imekataa. Wengi wakiuona ujumbe huo hukasirika na kuanza kutafuta namna ya kuulazimisha mfumo. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la heri. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikikataa, data yako iko salama. Cha kuogopa ni zile njia ambazo hazikatai, nazo zipo kadhaa, ziko wazi kwa yeyote mwenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), na hazikuulizi mara mbili.

Draiva ya kontrola ya diski ni programu inayokaa ndani ya kerneli na kuzungumza na kadi au chipu iliyounganishwa na diski. Jina hutegemea kifaa: `ahci` kwa diski nyingi za SATA, `nvme` kwa SSD za kisasa, `mpt3sas` au `megaraid_sas` kwa kadi za seva. Mtu huweza kutaka kuiondoa mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi kwa sababu mbalimbali. Pengine toleo jipya la draiva limetoka, kadi imeganda na anataka kuianzisha upya, au anataka kuikabidhi kadi nzima kwa mashine pepe. Kama mashine inaweza kuzimwa bila hasara, izime tu. Yanayofuata hapa ni kwa ajili ya mashine isiyoweza kuzimwa.

Hesabu ya washikaji

Kerneli hujuaje kwamba draiva inatumika? Huhesabu. Diski inapofunguliwa, iwe kwa kupachika mfumo wa faili, kuwasha swapu (eneo la diski linalosaidia RAM), au programu kuisoma moja kwa moja, hesabu ya draiva inayoihudumia hupanda. Ikifungwa, hesabu hushuka. Kuondoa kunaruhusiwa hesabu ikifika sifuri.

Hesabu hiyo unaiona ukiandika `lsmod`, kwenye safu ya tatu, ikifuatiwa na majina ya moduli nyingine zinazoitegemea (moduli ni kipande cha kerneli kinachoweza kuingizwa na kutolewa, kama draiva hii). Hapa ndipo watu huteleza. Wanaona namba 4, mbele yake hakuna jina hata moja, wanasema: basi hakuna anayeitumia, hii namba imekwama. Sivyo. Majina ni ya moduli tu. Namba isiyo na jina maana yake washikaji ni diski zilizofunguliwa, na hao ndio wenye data.

Kosa la upande wa pili ni kuiamini sifuri kupita kiasi. Sifuri haimaanishi kwamba hakuna diski kwenye kadi, bali kwamba kwa sekunde hii hakuna aliyeifungua. Kiendeshi cha tepu ambacho bakapu itakitumia saa nane usiku kinaonekana mchana kutwa kana kwamba hakina mwenyewe. Zaidi ya hapo, moduli moja huhudumia kadi zote za aina yake. Seva yenye kadi mbili za SAS (aina ya muunganisho wa diski za seva) zinazofanana ina `mpt3sas` moja. Ukiiondoa, kadi zote mbili zinanyamaza, hata ile ambayo hukuwa na nia nayo.

Tena kuna draiva ambazo hazionekani kabisa kwenye `lsmod`, kwa kuwa zilijengwa ndani ya kerneli yenyewe. Hizo haziondoki kwa amri hii. Na kerneli inaweza kujengwa bila CONFIG_MODULE_UNLOAD, ambapo moduli ikishaingia haitoki mpaka mashine iwashwe upya. Waliochagua hivyo hawakukosea. Msimbo wa kutoka ndio unaojaribiwa mara chache kuliko wote katika draiva.

Kushuka safu kwa safu

Tuchukue mfano mmoja. Kadi ya SAS ina diski mbili, `sdb` na `sdc`. Diski hizo zimeunganishwa kuwa RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake) iitwayo `md0`. Juu ya `md0` kuna kundi la LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski) liitwalo `data`, lenye sehemu mbili: `faili`, iliyopachikwa kwenye `/srv/faili`, na nyingine inayotumika kama swapu. Ukiandika `lsblk` unaona mti huo wote, kila safu ikiwa chini ya iliyoizaa. Chapisha mti huo au unakili mahali, maana ndio ratiba yako ya kazi. Utaanza na matawi na kumalizia na shina.

Anza kwa kusimamisha huduma zinazoandika: hifadhidata, seva ya faili, mashine pepe. Zisimamishe kwa utaratibu wake, usiziue. Kisha andika `umount /srv/faili`. Mara nyingi utajibiwa "target is busy". Amri ya `fuser -vm /srv/faili` itakuonyesha nani yumo, na si ajabu mtu huyo ukawa wewe mwenyewe: ganda la amri ulilofungua asubuhi bado limesimama ndani ya folda hiyo. Kutoka kwa `cd /` kunatosha.

Ugumu unaanza pale `fuser` haionyeshi mchakato wowote na bado mfumo unakataa. Hapo mshikaji yuko ndani ya kerneli yenyewe, au yuko mahali usipopaona. Folda iliyotolewa kwa mtandao kupitia NFS ni mfano wa kwanza, kwa sababu anayeishika ni seva ya NFS ya kerneli. Iondoe kwanza kwa `exportfs -u`. Wa pili ni faili la picha ya diski lililopachikwa kupitia kifaa cha loop, ambalo `losetup -a` italifichua. Wa tatu, na siku hizi ndio unaosumbua zaidi, ni kontena, yaani programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na mfumo mwingine. Kontena ina orodha yake ya vitu vilivyopachikwa, na inaweza kuendelea kuushikilia mfumo wa faili ambao kwako umeshatoweka. Ukitafuta jina la kifaa ndani ya `/proc/*/mountinfo` kwa `grep`, utapata namba za michakato inayouona bado.

Ukishapachua, zima swapu kwa `swapoff`. Hii si amri ya papo hapo. Kila ukurasa uliokuwa kwenye diski lazima urudishwe kwenye RAM, na kama RAM haitoshi amri itakataa. Ikikataa, punguza mzigo au washa swapu nyingine kwenye diski isiyohusika, kisha urudie.

Baada ya hapo, `vgchange -an data` hulizima kundi la LVM, na `mdadm --stop /dev/md0` huivunja RAID kwa amani bila kugusa yaliyomo. Kama kuna usimbaji wa LUKS katikati, `cryptsetup close` hukaa kwenye zamu yake. Kama diski zinafikiwa kwa njia nyingi, `multipath -f` pia. Angalia `lsblk` tena. `sdb` na `sdc` zinapaswa kuwa zimebaki tupu, bila kitu chini yake, na folda za `/sys/block/sdb/holders` na `/sys/block/sdc/holders` ziwe hazina kitu.

Angalia kwa dakika moja au mbili, maana mifumo ya siku hizi ni mepesi kusaidia. Unaivunja RAID, udev (huduma inayotambua vifaa) inaona diski zenye alama za RAID na kuiunda upya. Unapachua, na automount ya systemd inapachika tena mtu wa kwanza akigusa folda. Simamisha hivyo vyenyewe, `srv-faili.automount` kwa mfano, au `multipathd`, kabla hujaanza kushindana navyo.

Sasa `lsmod` inaonyesha sifuri, na `modprobe -r mpt3sas` inapita. Naipendelea kuliko `rmmod` kwa sababu huondoa pia moduli saidizi zilizobaki bila kazi, hapa `raid_class` na `scsi_transport_sas`, ili toleo jipya lisije likakutana na mabaki ya zamani.

Data iko wapi hasa?

Sababu ya kusisitiza mpangilio huu ni kwamba data huwa haiko pale unapodhani. Programu inapoandika faili na kujibiwa kwamba imefaulu, kwa kawaida data imefika RAM tu. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, ukurasa unaosubiri kuandikwa huhesabiwa umezeeka baada ya sekunde 30, na kazi ya kuzipeleka kurasa diskini huamshwa kila sekunde 5. `umount` haisubiri ratiba hiyo. Inasukuma kila kitu chini, inafunga jarida la mfumo wa faili (rekodi ya mabadiliko yake), na ndipo inarudi. Ndiyo maana wakati mwingine inachukua muda mrefu, na ndiyo maana kuikatiza ni kosa.

Chini ya RAM kuna kache ya pili, ndani ya diski yenyewe. Diski husema "nimepokea" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ndogo isiyodumu. Draiva inapoondolewa kwa utaratibu, kerneli huituma amri ya kuimwaga, na `dmesg`, logi ya kerneli, huandika mstari kama "sd 2:0:0:0: [sdb] Synchronizing SCSI cache". Mstari huo uutafute kwa kila diski. Ukifuatiwa na ujumbe wa kushindwa, usichomoe chochote mpaka uelewe kwa nini.

Kadi za RAID za vifaa zina kache ya tatu, inayolindwa kwa betri au kapasita. Data inaweza kukaa humo ikisubiri diski ambayo haipatikani. Kama nia yako ni kubadilisha kadi, tumia programu ya usimamizi ya mtengenezaji kuhakikisha kache hiyo ni tupu. Linux haiijui.

NVMe ina heshima yake pekee. Draiva huandika kwenye rejista ya kontrola ombi la kuzima, kisha husubiri kontrola iseme imemaliza. Kiwango cha chini cha muda wa kusubiri kwenye Linux ni sekunde 5 usipobadilisha `shutdown_timeout`. SSD iliyokatiwa umeme bila kupitia hatua hiyo huweka kumbukumbu: `nvme smart-log` ina mstari wa "unsafe_shutdowns", na namba yake haishuki kamwe. Ni rekodi nzuri ya kumpima anayesema kwamba seva yake haijawahi kuzimwa vibaya.

Draiva inavyojifungasha

Kwa upande wake, draiva ina kazi ambayo mtumiaji haioni. Inafunga mlango wa maombi mapya. Inasubiri yaliyoko njiani yarudi, na yanaweza kuwa mengi: AHCI inaruhusu amri 32 kwa kila moja ya bandari zisizozidi 32, wakati NVMe inaruhusu hadi foleni 65,535 zenye amri hadi 65,536 kila moja. Inaiamuru kadi iache kuandika kwenye kumbukumbu ya mashine. Inazima interapti, zile ishara ambazo kadi hutuma kwa prosesa kusema kazi imekwisha, na kusubiri iliyokwisha kuanza kushughulikiwa imalizike. Inafuta vipima muda na kazi zilizopangwa za baadaye. Mwisho kabisa ndipo inarudisha kumbukumbu.

Ukizibadilisha hatua mbili nafasi umeharibu. Kadi huandika kwenye RAM yenyewe kwa DMA bila kupitia prosesa. Draiva ikirudisha kumbukumbu kabla ya kuisimamisha kadi, kumbukumbu hiyo itapewa programu nyingine, na kadi itaendelea kuandika palepale. Hakuna kinachoanguka dakika ileile; kinachoharibika ni ukurasa wa mtu mwingine, saa kadhaa baadaye, na hakuna atakayeshuku diski. IOMMU, sehemu ya mashine inayosimamia kadi zinavyofikia RAM, ikiwa imewashwa huziba pengo hili kwa kuizuia kadi kufika mahali ambapo hairuhusiwi tena, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuiwasha. Kipima muda kilichosahaulika kina madhara ya haraka zaidi: kinalia, prosesa inaruka kwenda kwenye msimbo ambao haupo tena, kerneli inaanguka.

Milango isiyokataa

Turudi kwenye njia zisizouliza. Ya kwanza ni `unbind`: unaandika anwani ya kadi kwenye `/sys/bus/pci/drivers/nvme/unbind`, na draiva inaachana na kadi hiyo moja. Ni chombo kizuri, hasa pale kadi mbili zinapotumia moduli moja na unataka kuigusa moja tu. Lakini hakiangalii hesabu ya washikaji. Mfumo wa faili ukiwa umepachikwa, diski inatoweka chini yake, na amri inarudi kimya kana kwamba umefanya jambo la kawaida. Kuandika 1 kwenye `/sys/block/sdb/device/delete` au kwenye faili la `remove` la kifaa cha PCI kuna tabia hiyohiyo.

Baada ya hapo mfumo wa faili wa ext4 hulivunja jarida lake na kubaki katika hali ya kusoma tu, na ule wa XFS hujifunga kabisa. Programu zilizotumia `fsync` (ombi la kuhakikisha data imefika diskini) hupata kosa na kujua. Zile ambazo hazikuitumia hazijui lolote; data yao iliyokuwa RAM inapotea huku zikiamini imeandikwa. Ukiirudisha draiva, diski inaweza kurejea kwa jina la `sdd` kwa sababu `sdb` ya zamani bado imeshikwa na mfumo wa faili uliokufa. Kupachikwa kule kwa zamani hakufufuki. Inabidi kupachua, kukagua, na kupachika upya.

`rmmod -f` ni mbaya kuliko hizo. Hufanya kazi pale tu kerneli ilipojengwa kuiruhusu, na ikitumika kerneli hujitia alama ya R katika hali yake, ili anayesoma ripoti ya hitilafu ajue kilichotangulia. Sijaona hali ambayo ilikuwa bora kuliko kuwasha mashine upya.

`umount -l` ndiyo inayodanganya kwa upole. Inaliondoa jina la folda mbele ya macho yako mara moja, lakini mfumo wa faili wenyewe unaendelea kuishi mpaka faili la mwisho lifungwe. `df` haionyeshi kitu, nawe unafurahi. `lsmod` bado inaonyesha 1, na mwenye kuishikilia sasa ni mgumu zaidi kumpata kwa kuwa folda ya kuulizia haipo tena. Anayefuatisha `umount -l` na `unbind` amejifungulia milango yote miwili kwa mkono wake.

Windows hufanyaje?

Kanuni ni ileile, adabu tofauti. Windows huuliza kabla ya kuondoa: ombi la IRP_MN_QUERY_REMOVE_DEVICE hupitishwa kwenye safu zote za draiva za kifaa, na yeyote anaweza kukataa. Diski yenye faili la kurasa la mfumo, kwa mfano, haiachiliwi. Kifaa kikichomolewa bila kuuliza, ujumbe unaopita ni mwingine, wa kuarifu tu, wala hakuna anayepewa nafasi ya kukataa. Draiva iliyotoka na kuacha kazi nyuma yake huleta skrini ya bluu yenye msimbo 0xCE, ambao jina lake refu linasema wazi kwamba draiva iliondoka bila kufuta shughuli zilizosubiri. Ukiiona, mwenye kosa ni aliyeandika draiva, si wewe.

Msimbo wa 0x7B ni habari nyingine. Huo ni mfumo ulioanza kuwaka na kukuta hauna draiva ya kuifikia diski yake. Wengi huupata bila kuondoa draiva yoyote, kwa kubadilisha tu mpangilio wa SATA kutoka RAID kwenda AHCI kwenye BIOS.

Diski ya mfumo, na draiva inayogoma

Kama mzizi wa mfumo uko kwenye kadi hiyohiyo, acha. Ni kukata tawi ulilolikalia. Hata kama ungefanikiwa, amri ya kurudisha draiva iko kwenye diski uliyoiondoa. Njia ni kuwasha mashine kwa mfumo wa muda kutoka USB au mtandao. Ukitaka draiva isipakiwe wakati wa kuwaka, iorodheshe kama `blacklist` ndani ya `/etc/modprobe.d/`, kisha ujenge upya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwaka), kwa `update-initramfs -u` kwenye Debian na jamaa zake au `dracut -f` kwenye Fedora na Red Hat. Bila kuijenga upya, draiva itaingia kutoka kwenye initramfs ya zamani kabla faili lako halijasomwa.

Kuna wakati umefuata kila kitu na bado `modprobe -r` inaning'inia. `/proc/modules` inaionyesha moduli ikiwa "Unloading", mchakato uko katika hali ya D (kusubiri kusikokatizika), na `kill -9` haifanyi lolote. Kuna amri iliyotumwa kwenye diski na haijarudi. Usifungue dirisha jingine kuirudia. Amri za SCSI (njia ambayo Linux huzungumza na diski za SATA na SAS) na NVMe hupewa sekunde 30 kwa kawaida, kisha kerneli hupanda ngazi: kwenye SCSI huanza kwa kuifuta amri, halafu huianzisha upya diski, halafu kontrola nzima, na ikishindikana huitoa diski kazini. Hilo likitokea, moduli mara nyingi huachia yenyewe. Ujumbe wa "blocked for more than 120 seconds" kwenye `dmesg` ni taarifa tu, si hukumu.

Ikipita robo saa bila mstari mpya kwenye logi, moduli hiyo haitoki. Kuzima mashine kwa kawaida nako kunaweza kugoma mahali hapohapo, kwa kuwa kuzima hutaka diski zote zijibu. Hapo kuna sysrq, amri za dharura za kerneli: andika `s` kwenye `/proc/sysrq-trigger` ili diski zilizo hai ziandike kilichobaki, subiri `dmesg` iseme "Emergency Sync complete", andika `u` kuifanya mifumo ya faili iwe ya kusoma tu, kisha `b` kuiwasha mashine upya papo hapo. Ikiwa diski iliyokufa inaizuia hiyo ya kwanza kumalizika, ipe dakika moja kisha endelea na `u`. Diski nyingine kwa kawaida zitakuwa zimeshaandika.